UZI: Shida inaruhusiwa kwenye sinema zetu, mradi mwenye shida aombe msamaha

Mtu_wa_Kayole (mwanzilishi wa uzi)

Kibanda cha vidio nilichokulia kilikuwa cha mabati, Kayole, nyuma ya posho mili. Mlango wake blanketi la kijivu. Asubuhi bob tano, jioni bob kumi, na jioni ndipo zilipokuwa zikipigwa filamu za DJ Afro, yule anayezisimulia kwa Kiswahili cha mtaani. Benchi la mbele letu sisi watoto, la nyuma la makanga waliotoka shifti na miraa yao mfukoni. Mwenye kibanda tulimwita Mzee wa Deki. Alikalia kreti ya soda kando ya televisheni, na mkononi hakukosa kipande cha katoni ya sabuni, kimekatwa kikalingana na skrini.

Katoni ile ilikuwa na kazi moja. Mwanamume na mwanamke wakianza kusogeleana, mzee anainuka, anafunika skrini, anahesabu kimoyomoyo, anaiondoa. Siku nyingine hesabu ilimpiga chenga, tukaona kidogo, benchi la nyuma likapiga mbinja. Lakini mtu akichinjwa, katoni haikuguswa. Nikiwa darasa la nne nilishaona watu wakichomwa, wakinyongwa, wakirushwa kutoka ghorofani, na mzee yuko palepale kwenye kreti yake, anatafuna njugu.

Wiki hii katoni imenirudia. Kazini tulikuwa tunabishana kuhusu filamu za shida, zile zinazoonyesha umaskini na mateso yetu, na mwenzangu mmoja, mtu wa heshima zake, akasema zifungiwe zote kwa sababu zinatuaibisha mbele ya wageni. Nikamwambia filamu ya shida haijawahi kufungiwa nchi hii kwa sababu ya shida. Shida ruksa. Kinachokatazwa ni kitu kingine, na nadhani nimeanza kukiona.

Chukueni Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, 2012. Mwas anatoka ocha na ndoto ya kuigiza, anaporwa mara tu anapofika jijini, anatupwa selo na kusafishishwa choo kilichofurika, anaishia kwenye genge linalong'oa vipuri vya magari. Polisi wala rushwa wamo. Polisi wanaoua wamo. Hakuna aliyeifungia. Tulipanga foleni, tukaitazama, ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni.

Sasa chukueni Rafiki ya Wanuri Kahiu, 2018. Wasichana wawili wa mtaa mmoja, baba zao wapinzani wa kisiasa, wanapendana. Mtaa unawavamia na kuwapiga. Mmoja anapelekwa kuombewa. Yaani shida imejaa pomoni. Mwezi wa nne Bodi ya Kuainisha Filamu, hii tunayoiita KFCB, ikaipiga marufuku, ikisema inaendeleza usagaji kinyume cha sheria. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, ya kwanza kutoka Kenya kuchaguliwa huko.

Kilichonishika si marufuku yenyewe. Ni alichosimulia muongozaji baadaye: kwamba bodi ilitaka mwisho wa filamu ubadilishwe kwa sababu una matumaini mno, hauonyeshi majuto. Hebu lirudieni hilo. Kipigo hakikuwa na neno. Kilichopungua ni toba.

Mwas naye amelipa. Wenzake wanauawa, na mtazamaji anarudi nyumbani na onyo lilelile alilozoea kupewa kanisani na kwa shangazi. Sisi filamu ya shida tumeifanya mahubiri. Filamu nyingi za River Road, zile zetu za bei ya chini, ukizikamua utabaki na asiyesikia la mkuu huvunjika guu: msichana aliyetoroka kwao, kijana aliyependa hela za haraka, mke aliyemdharau mama mkwe. Shida ndiyo fimbo ya hadithi. Lete filamu ambayo mtu ameteseka na hajajuta, au ameteseka akamnyooshea kidole aliyemtesa, uone katoni inavyoinuka.

Wala si sisi peke yetu. De Sica wa Italia alitengeneza Bicycle Thieves mwaka 1948. Baba kapata kazi baada ya kusota sana, baiskeli inaibwa, anazunguka Roma na mwanawe mpaka naye anageuka mwizi mbele ya macho ya mtoto. Ilipofika Marekani, ofisi ya maadili ya Hollywood chini ya Joseph Breen ikakataa kuipa muhuri mpaka ikatwe mahali pawili: pale mtoto anapotaka kukojoa ukutani, na pale baba anapomfukuza mwizi hadi ndani ya danguro. Ukosefu wa kazi, sawa. Aibu ya baba, sawa. Mkojo wa mtoto ndio ungeharibu taifa. Msambazaji akakataa kukata, akaionyesha bila muhuri.

Nataka kuwasikia. Matusi yaacheni steji.

Jirani_Umoja

Katoni! Kwetu ilikuwa leso ya mkewe, na leso ile ilikuwa nyepesi. Sitasema zaidi.

Swali: ulishawahi kumuuliza huyo mzee kwa nini busu na si kisu?

Mtu_wa_Kayole

Sijawahi. Alihama Kayole zamani. Lakini namba yake naweza kuipata kwa makanga mmoja wa benchi la nyuma.

Karani_Mstaafu

Kijana, umeandika vizuri lakini umeipendelea hoja yako. Nilitumikia serikali miaka mingi, si katika bodi hiyo, ila najua faili inavyotembea. Kazi yao ya kila siku si kupiga marufuku. Ni kuweka alama: GE ya wote, PG ya mtoto aliye na mzazi, 16, 18. Ile sheria, Sura ya 222, ilianza kutumika Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya bendera kupandishwa. Ni ya Mwingereza, sikatai. Lakini bunge baada ya bunge limeikalia, na wabunge hao tuliwapigia kura.

Jamii ina haki ya kusema hapa ndipo mwisho. Mimi sitaki mjukuu wangu afunzwe ndoa na skrini. Na mzee wako wa katoni hakukosea kufunika busu. Kosa lake ni kwamba kwenye kuchinjana hakuinuka. Alifanya nusu ya kazi.

Mtu_wa_Kayole

Mzee, heshima zako, na hilo la nusu ya kazi nimelipokea.

Ila mjukuu hakuwepo kwenye hadithi ya Rafiki. Septemba 21, 2018, Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku saba ili filamu itimize masharti ya Oscar, na akasema waingie watu wazima pekee. Mimi nilikuwa kwenye foleni Prestige, Ngong Road. Mbele yangu alisimama mama wa makamo mwenye mkoba wa sokoni, sukumawiki zinachungulia, akaniuliza kama hiyo ndiyo foleni ya "ile ya wiki moja". Nikasema ndiyo. Akasema yeye hajui inahusu nini, ila akiambiwa kitu kina wiki moja lazima akione. Huyo alindwe dhidi ya nini?

Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaitupa kesi yenyewe ya kupinga marufuku. Katiba, kifungu cha 33, inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi, halafu inataja yasiyolindwa: kuchochea vita, kuchochea fujo, matamshi ya chuki na mambo ya aina hiyo. Nimeisoma juu chini nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba mhusika lazima ajute.

Fundi_Taa

Mimi nafunga taa kwenye seti mwaka wa kumi na mbili sasa. Mnabishana kuhusu bodi, lakini filamu nyingi huwa zimekatwa kabla bodi haijaziona.

Sheria inataka leseni kabla ya kupiga picha, na ombi liende na maelezo ya matukio na maneno yote yatakayosemwa. Kwa hivyo skripti inaandikwa ikijua nani ataisoma. Halafu ukishapata karatasi bado hujamaliza. Kuna kaunti. Kuna chifu. Ukitaka polisi wa kulinda kamera, lazima ukawaombe polisi, na ukishawaomba huwezi kuwaonyesha skripti ambayo mmoja wao anamtandika mama mboga. Kuna vijana wa mtaa wenye base yao, nao wana bodi yao ya uainishaji: mia mbili kwa kila kichwa.

Niliwahi kuwa kwenye filamu moja, jina nalihifadhi, ambayo mwanzoni ilikuwa na afisa wa ardhi aliyeuza kiwanja cha shule. Tulipofika kupiga, afisa amegeuka "dalali". Siku ya tatu dalali amegeuka "mjomba". Kwenye filamu iliyotoka ni mjomba mlevi aliyepoteza hati. Hakuna mtu wa serikali aliyetupigia simu. Mtayarishaji alikuwa anajipigia mwenyewe.

Jirani_Umoja

Mjomba mlevi ndiye amebebeshwa dhambi zote za nchi hii.

Shosho_wa_Ngara

Wajukuu, ninyi mmeanza na kanda. Sisi tulianza na Shan, hapa Ngara, na Liberty kule Pangani. Filamu za Kihindi. Hatukujua neno hata moja na tulilia kuliko wenyewe. Mother India niliiona mara nne. Yule mama amebaki peke yake na watoto, anajifunga jembe mwenyewe mahali pa ng'ombe, uso wote matope, na mkopeshaji wa kijiji anamtaka mwili kwa deni la mahindi. (Mahindi nasema mimi, sijui wao walilima nini.) Mwishoni mwanawe amegeuka jambazi, anamteka binti ya yule mkopeshaji siku ya harusi yake, na mama anachukua bunduki anampiga mwanawe mwenyewe. Heshima ya binti wa kijiji ni heshima ya wote.

Ukumbi mzima ulikuwa kimya. Nyuma yangu kulikuwa na mama wa Kikuyu, mume wake yuko kizuizini miaka ile na hajarudi. Alisema kwa sauti, "Na mkopeshaji je?" Nimelikumbuka hilo leo kwa sababu ya maneno yako.

Kinyozi_Msomaji

Shosho, nakuongezea kitu hapo. Mwigizaji aliyepakwa matope kwenye Mother India mwaka 1957 ni Nargis. Mwaka 1980 akiwa mbunge kule Delhi, katika baraza la juu, alimshambulia Satyajit Ray, aliyetengeneza Pather Panchali, kwamba anauza umaskini wa India nje. Yeye! Aliyevuta jembe!

Nimekaa na jambo hilo hapa kinyozi mwaka mzima na kila mteja ana jibu lake. Langu ni hili: umaskini wa Mother India una bendera. Mama anateseka, na mwishowe mfereji unafunguliwa, maji yanakuja, taifa linajengwa. Umaskini wa Ray hauendi popote. Bibi kizee anafia njiani, mtoto anakufa kwa homa mvua ikinyesha, na hakuna waziri anayekuja kukata utepe.

Italia nako vilevile. Mwaka 1952 Andreotti, aliyesimamia mambo ya sinema serikalini, alimlalamikia De Sica hadharani kwa filamu ya mzee wa pensheni na mbwa wake, kwamba anaipaka nchi matope. Baadaye akawa waziri mkuu mara saba.

Mtoto_wa_Laini_Saba

Naona wote mnatetea filamu za shida. Ngojeni mwenye shida naye aongee.

Mimi nimezaliwa Kibera. Kila mwaka kuna kamera. Hawaji upande wa shule wala kwa fundi wa viatu mwenye wateja hadi Lang'ata. Wanakuja kwenye mtaro. Siku moja, nikiwa na miaka kumi na moja, kampuni moja ilitupanga watoto kumi tukimbie kando ya maji machafu. Mimi nilikuwa nimevaa raba mpya, mama alinunua Toi kwa jasho lake, nyeupe zenye mstari wa buluu. Dada mmoja wa mavazi akaja akainama, kwa upole kabisa, akaniambia nizivue. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Hazikai na picha." Nikakimbia pekupeku mara sita. Tulilipwa mia tatu kila mmoja na soda.

Hiyo pia ni katoni. Imefunika raba zangu. Na hiyo haikuwekwa na serikali, iliwekwa na mwenye pesa za kutoka nje aliyetaka umaskini wake uwe safi bila viatu. Mwenzako wa kazini si mjinga vile unavyomfanya. Ana hasira na kitu cha kweli, ila anakitafutia dawa kwa askari.

Mtu_wa_Kayole

Umenikalisha. Sikuwa nimelifikiria upande huo na sina jibu la kukurushia.

Mwalimu_Drama

Nami nina la kumtatiza mwanzilishi, maana nimekuwa kwenye tamasha za maigizo za shule tangu enzi za chaki.

Unasema mhusika akijuta anapita. Mwaka 2013 wasichana wa shule ya Butere Girls walizuiwa kupeleka mchezo wao Shackles of Doom tamasha la kitaifa, mpaka mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda kortini na Mahakama Kuu ikafungua njia. Aprili 2025, shule ileile, mchezo wa Cleophas Malala, Echoes of War. Vijana na utawala katika nchi ya kubuni. Hakuna jina la mtu. Hakuna mapenzi. Mahakama ilishaamuru waigize. Wakafika Nakuru, vitoa machozi vikarushwa, mwandishi akakamatwa, na asubuhi ya tarehe 10 wasichana wakaingia ukumbini, hakuna watazamaji, hakuna vyombo vya sauti. Wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka.

Hapo majuto yanaingia wapi? Mimi naona ni rahisi zaidi: wakubwa huangalia ni nani atakayejiona. Nairobi Half Life ilitoka 2012, kila polisi aliyeiona alimwona polisi mwingine. Huu wa Butere ulikuja kabla mwaka haujaisha tangu maandamano ya vijana ya Juni 2024, na kila mtu alijiona.

Kinyozi_Msomaji

Mwalimu amesema. Na mwezi uleule wa Aprili BBC Africa Eye ikatoa Blood Parliament, kuhusu waliopigwa risasi Bungeni Juni 25, 2024. Maonyesho yaliyopangwa hapa Nairobi yakafutwa. Siku chache baadaye watengenezaji filamu wanne wakakamatwa, BBC yenyewe ikisema hawakuhusika nayo, wakaachiliwa kesho yake. Wakati huo kila mteja wangu alishaiona kwenye simu, hapa kwenye kiti, povu kidevuni.

Binti_Limuru

Mambo ni yaleyale tangu Kamiriithu, kijiji cha huku Limuru, watu wangu. 1977, wanakijiji wamejijengea jukwaa wenyewe, wanaigiza kwa Kikuyu mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Maskini ana hati ya ekari moja na nusu, imening'inia ukutani kama picha ya ndoa, na tajiri anaitaka. Waliigiza wiki chache, Novemba leseni ikaondolewa, Desemba 31 Ngũgĩ akakamatwa. Mwaka 1982 jukwaa likabomolewa.

Nyanya yangu alikuwa akienda kila Jumapili. Alisema kilichowaudhi si maneno, maneno hayo yalikuwa yakisemwa kwenye majani chai kila siku. Ni kwamba waigizaji walikuwa vibarua wenyewe. Hakuna aliyewavua viatu (@Mtoto_wa_Laini_Saba).

Mgeni_wa_Dar

Wakuu, huku kwetu tunaita kibanda umiza, na sauti ya kutafsiri filamu ilikuwa ya Lufufu. Sheria yetu ya filamu na michezo ya kuigiza ni ya 1976 na jina lake ni kama pacha wa yenu. Katoni sikuikuta, sisi mwenye kibanda alikuwa anasogeza kanda mbele. Tatizo alisogeza mno, mkirudi bibi harusi ameshazaa.

Karani_Mstaafu

Hilo la raba limenigusa kuliko yote. La Butere siwezi kulitetea na sitajaribu. Watoto waliimba wimbo wa taifa.

Lakini bado mjukuu wangu yupo.

Mtu_wa_Kayole

Nimerudi. Nimempata Mzee wa Deki. Yuko Murang'a, ana ng'ombe wawili, na sauti ileile ya kukemea benchi la mbele. Alinikumbuka kwa deni la bob kumi.

Nikamuuliza kuhusu katoni. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Busu lilikuwa na wenyewe. Mama yako angekuja. Chifu angekuja na kufuli. Sasa mtu amechinjwa Hong Kong, nani atakuja Kayole kuniuliza?" Ndiyo hivyo. Mwalimu, naona amekaa upande wako.

Nilitaka kukata simu, akaongeza mwenyewe bila kuulizwa. Januari 2008, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi, vijana fulani walimletea kanda iliyopigwa palepale mtaani. Si filamu. Watu tunaowajua. Walitaka aionyeshe jioni, walikuwa tayari kulipa bob ishirini. Akashusha blanketi, akaitazama peke yake hadi mwisho.

Nikamuuliza kama aliionyesha. Akanyamaza. Kisha akasema ng'ombe hawajanywa maji, nimpigie kesho.

Jirani_Umoja

Kesho ndiyo leo. Umempigia?